Mafuta ya Mtarakwa

Kinondoni, 20 Machi 2024

Dada yangu Shamshad,

Kuna kitu nimekuficha. Burhan alipokuja kumzika baba yake na kurudi Bukoba na begi la marehemu, sikumpa kila kitu. Nilibaki na chupa moja ya mafuta ya manukato, ndogo kama kidole gumba, yenye kizibo cha kioo. Ni mafuta ya mtarakwa na msonobari. Niliyachanganya mwenyewe, na yalikuwa ya mumeo. Sasa ni yako. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitajificha humo.

Basi, salaam alaikum. Mimi nipo. Miguu imekataa kabisa, na ngazi za ghorofa ya tatu sasa nazitazama tu kutoka mlangoni. Ramadhani hii sifungi, daktari amenikataza, na moyo wenyewe anausikiliza huku amekunja uso. Editha bado anakuja kila asubuhi kutoka Kiwalani, ananipikia, ananifulia, adhuhuri anafunga mlango anaondoka na ufunguo, maana mara moja nilianguka nikijaribu kumfungulia mtu. Jana alifika juu anahema, akasema, "Babu, mie hizi ngazi zitaniua kabla yako. Nitaanza kukuvutia uji kwa kamba dirishani." Nikamwambia aweke na sukari.

Nakuandikia kwa sababu simu siisikii tena, na yako najua inapokelewa na Farheen. Kikachi chetu ni cha mdomoni, hakijawahi kukaa vizuri kwenye karatasi, kwa hiyo nakuandikia Kiswahili kama tulivyofundishwa shuleni.

Najua uko eda na manukato huyagusi. Nitakutunzia mpaka utoke.

Kaka yako,
Bandali


Bukoba, 6 Aprili 2024

Bhai Bandali, shikamoo.

Barua yako imenikuta chumbani, na zijazo zitanikuta humo humo mpaka mwezi wa saba. Mvua hapa haikatiki. Burhan yuko dukani, wajukuu wako shule. Farheen ni mkwe mwema lakini eda yangu anailinda kuliko mimi mwenyewe. Ameondoa hata sabuni ya kunukia bafuni, ameniwekea kipande cha sabuni ya mche. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni mjane, si shuka." Akacheka, lakini sabuni hakuibadilisha.

Usinitumie chupa sasa. Niandikie tu inanukia vipi. Jipake wewe, ukae nayo kutwa, uniambie asubuhi ikoje na jioni ikoje. Ingawa wewe kujipaka ni hasara. Unakumbuka marehemu mama alivyokuwa akisema dukani kwa baba? "Huyu Bandali msimpake mafuta ya kuuza, ngozi yake inakunywa kama mchanga." Ulikuwa unapakwa mafuta ya haludi mlangoni, ukifika barabarani hunuki kitu.

Jambo lingine. Abuzar aliondoka hapa Desemba kuja Dar kutibiwa koo. Ukaniambia amelazwa. Mara mbili nilikupigia nikitaka kuja, na mara zote mbili ulipaza sauti kwenye simu: "Amesema usije." Kisha nikaletewa habari kwamba amefia hospitali. Nimeolewa naye miaka arobaini na sita, bhai. Naomba uniandikie maneno yake hasa. Alisemaje aliposema nisije?

Dadako,
Shamshad


Kinondoni, 25 Aprili 2024

Dada yangu,

Marahaba, na Idi njema iliyopita. Huku pia ni mvua. Editha hakuja siku kadhaa, maji yaliingia kwao Kiwalani mpaka kitandani. Nilikula biskuti na kukaa dirishani nikitazama nondo za dirisha zikichuruzika. Alipokuja, alikuja na chupa ya chai na matusi kwa serikali ya mtaa.

Umeniagiza nijipake, nami nimejipaka. Sikiliza sasa.

Mwanzo ni baridi. Si ya barafu, ni ile ya kutoka juani ukaingia chini ya miti mirefu isiyopukutisha majani. Msonobari unatangulia, mkali, wenye utomvu, kama mtu amevunja tawi bichi mbele ya pua yako. Nyuma yake kuna ukakasi kidogo wa ganda la ndimu. Mtu asiyezoea hurudisha kichwa nyuma. Editha husema chumba kinanuka kama karakana ya seremala.

Jua likishapanda, ukali unavunjika, na hapo mtarakwa unatokea. Unaujua tayari: ni harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Miaka yote niliyofundisha kemia, kwangu hiyo ilikuwa harufu ya asubuhi ya mtihani, darasa zima likichonga kwa pamoja. Kavu, safi, imetulia. Inakaa hivyo mpaka baada ya chakula.

Alasiri ndiyo saa yake. Mafuta ya sandali niliyoyaweka chini kabisa yanapanda polepole, yanaulainisha ule mti, na harufu inakuwa ya maziwa yaliyochemshwa yakaachwa yapoe, yakashika utando. Haiji mbele. Inabidi usogee, uiname karibu na shingo, kwenye kile kishimo chini ya koo, ndipo uipate. Kifundo cha mkono hakifai, kinaitupa mapema. Jioni inaingia chumvi kidogo, na moshi wa mbali. Asubuhi ya pili, kwenye mto, kimebaki kitu kama kijiti cha kiberiti kilichozimwa.

Ndivyo inavyokwenda. Nimeijaribu zaidi ya mara moja na haibadiliki.

Bandali


Bukoba, 19 Mei 2024

Bhai, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimefunga mlango. Farheen akagonga, "Mama, unalia?" Nikamwambia nanusa. Akafungua akatazama huku na huku akitafuta chupa, maskini. Nikamwonyesha karatasi.

Nilipofika pale kwenye maziwa niliiweka chini. Nitakwambia siku nyingine kwa nini.

Lakini umenijibu juu ya mti, hukunijibu juu ya mume.

Bhai, ngoja nikueleze nikoje humu ndani, labda hujaelewa. Wanawake wanakuja kunipa pole, wanakaa wanauliza, "Alikuachia neno gani?" Nami nawaambia alinisalimia. Uongo, nikiwa nimevaa nguo ya eda. Kifo chake nimekikubali, kilikuwa njiani tangu Desemba. Kinachonikaa kifuani ni kwamba mtu aliyeshindwa hata kulala nikiwa chumba kingine, alipofika mwisho alinifungia mlango. Kila nikikaa kimya najiuliza nilimfanya nini. Nimepitia miaka yote arobaini na sita kama mtu anayetafuta sindano, na nimepata mambo mengi madogo, na kila moja sasa naliona ndilo.

Hapa chumbani sina pa kwenda. Wewe ndiye uliyesikia. Nipe maneno yake, hata kama ni mabaya. Nitayavumilia.

Shamshad


Kinondoni, 10 Juni 2024

Dada yangu mpendwa,

Nimechelewa kujibu. Nilipelekwa hospitali, wakanishusha ngazi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, vijana wanne wa mtaani, mmoja akisema, "Mzee, ukiona tunakimbia jua tumekudondosha." Walinirudisha vile vile. Daktari ameongea na Editha koridoni, hakuongea na mimi, nami nilikuwa mwalimu, najua maana ya kuongelewa koridoni.

Anwar, kijana wa jirani, anakuja Bukoba kufunga mashine za barafu za hoteli. Nimempa ile chupa. Iweke mpaka eda iishe. Nimehesabu: ukitoka utakuwa na siku chache tu kabla Muharram haijaingia, na baada ya hapo ni nguo nyeusi za maombolezo na hakuna manukato mpaka mwezi wa Safar uishe. Kwa hiyo usisite. Toka siku hiyo, paka.

Usipake mengi na usisugue, kusugua kunauchosha msonobari. Ngozi ikiwa na homa, msonobari hauonekani kabisa, unaruka na joto, na maziwa yanakuja mapema, kabla ya adhuhuri. Na usiogope, kafuri ya kuoshea maiti sikutia.

Kuhusu ulichouliza. Mgonjwa husema mengi, na anayemsikiliza ni mzee mwenye masikio mabovu. Alikupenda. Shika hilo.

Editha ameninunia wiki hii. Alinikuta naandika, akasema, "Babu, karatasi zote hizo unamweleza habari za miti?" Akabeba beseni akatoka.

Bandali


Bukoba, 5 Julai 2024

Bhai Bandali, shikamoo.

Eda imeisha Jumanne. Jumatano asubuhi nilioga na ile sabuni ya kunukia, Farheen aliileta mwenyewe kwenye kisahani kama keki. Nikavaa gauni la kijani. Kisha nikakaa kitandani nikafungua chupa, nikapaka pale ulipoandika, kwenye kishimo chini ya koo.

Haikuwa ile uliyoandika.

Kwangu msonobari haukukaa hata kikombe kimoja cha chai. Mtarakwa ukaja mkali, kama kabati la nguo za baridi. Mchana ikawa tamu, utamu wa kuchosha, kama sharubati iliyomwagika. Nikasubiri maziwa mpaka magharibi. Hayakuja. Chumvi wala moshi sikuviona. Nikasema labda ni uzee wangu. Siku ya pili nikampaka Farheen, kwake ikageuka pilipili manga tangu saa nne. Tukacheka. Burhan akapita anakwenda dukani, Farheen akamvuta kola akampaka naye, "Njoo, wewe ndiye hujajaribiwa."

Burhan alirudi jioni. Akainama kunisalimia, nikamshika kichwa nimbusu, na maziwa yakaja. Yale yale. Yaliyopoa, yenye utando.

Niliposoma barua yako ya Aprili nilikwambia kuna siku nitakueleza kwa nini niliiweka chini. Ni hivi: kila alichowahi kujipaka Abuzar, kiwe udi, kiwe waridi, kiliishia maziwa. Nimelala kando ya ngozi ile maisha yangu yote, najua ilivyofanya kazi. Nilidhani ni wewe umeandika kwa kunifariji. Lakini wewe ngozi yako hainuki kitu, bhai. Hukuandika habari za ngozi yako. Umemwandika mume wangu, asubuhi mpaka jioni, na asubuhi ya pili kwenye mto. Umemwandika na homa yake.

Hospitali mtu hapewi mto wa mgonjwa anuse kila siku. Alikuwa kwako. Alilala kwako.

Kama alikuwa chumbani kwako, na wewe ulikuwa karibu naye kiasi hicho, basi maneno uliyasikia vizuri. Kesho kutwa navaa nyeusi. Chupa nimeifunga. Nakusubiri.

Shamshad


Bukoba, 30 Julai 2024

Bhai,

Hujajibu. Burhan alimpigia Editha, akasema uko hai, unakula kidogo, unaandika unachana. Nikasema basi, kama anachana, kuna kitu.

Sikuulizi kwa hasira. Ningekuwa na hasira ningekuja, na ngazi zako ningezipanda kwa magoti. Naogopa tu kwamba utaondoka na jibu langu, na mimi nibaki huku nje ya mlango ule ule.

Andika. Usichane.

S.


Kinondoni, 14 Agosti 2024

Shamshad,

Leo salamu ni fupi: salaam alaikum, na utanisamehe mwandiko. Editha amekaa mlangoni na ufunguo mkononi. Amesema haondoki mpaka nimpe bahasha iliyofungwa. Nilichana nyingi. Hii sitaichana.

Abuzar aliruhusiwa kutoka hospitali mwisho wa Januari. Walisema hawana zaidi cha kufanya. Alikuja kwangu. Alimficha Burhan habari hiyo, nami nikamsaidia kuificha. Koo lilikuwa na donda lililotokeza nje, na donda lile lilikuwa na harufu. Unamjua alivyokuwa mtanashati. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona, simu hakuweza. Alinivuta sikio akaniambia, "Shamshad asije nikiwa hivi. Yeye ananijua kwa harufu. Nitengenezee kitu kwanza." Kwa hiyo ulipopiga mara ya kwanza nikakwambia amesema usije, sikukudanganya. Hayo ndiyo maneno yake hasa, uliyoyataka. Nilikupa nusu yake.

Nikaanza kuchanganya. Nilitoa vichupa vya baba, vilivyolala kabatini miaka mingi. Mara ya kwanza nilitia kafuri, akausukuma mkono wangu, akanong'ona, "Usinioshe kabla sijafa." Tukacheka mpaka akakohoa. Waridi lilichanganyika na donda likawa baya zaidi. Udi ulimpa kichefuchefu. Ndipo nikajaribu msonobari na mtarakwa, maana vile vinakausha hewa, na sandali chini yake. Tulikaa kutwa nzima, yeye kitandani na mimi kwenye stuli, nikinusa kila baada ya muda na kumweleza. Alikuwa mtahini mkali. Jioni alivuta kola ya kanzu yake, akanusa, akanusa tena. Akasema, "Basi. Hii anaweza kuisogelea. Sasa mwite."

Alisema hivyo, Shamshad. Sasa mwite.

Nilichukua simu nikaenda nayo jikoni nimfiche machozi. Nilikaa na simu mapajani. Nilianza kufikiri utakavyofika, na Burhan nyuma yako, na vijana watakavyombeba kushuka ngazi, mrudi naye kwenu, kwa haki yenu. Nikafikiri mlango utakavyofungwa. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyelala katika nyumba hii ila mimi. Sikuoa, unajua, na hukuniuliza kwa nini, nimekushukuru sana kwa hilo. Sasa kulikuwa na mtu wa kugombana naye juu ya redio. Mtu wa kumwamsha. Nilisema kesho nitapiga. Nitampa kesho, mimi nichukue leo.

Nikarudi chumbani nikamwambia nimekupigia na unakuja.

Kesho yake wewe ndiye uliyepiga. Ile ndiyo mara ya pili. Nilikuwa na nafasi mkononi, na wewe unalia kwenye simu, nami nikapaza sauti kama kiziwi nikarudia yale yale: amesema usije. Hapo ndipo nilipodanganya. Nilifunga mlango aliokuwa ameufungua, na tangu hapo tuko nyuma yake sote watatu.

Unataka kujua nilivyojua saa zake zote, lini mti unalainika, lini maziwa yanakuja. Ni kwa sababu tulianza upya kila asubuhi. Editha alimnyoa, nikampaka mafuta kwenye kishimo kile, akavaa kanzu safi, akataka aketishwe kwenye kiti kilichoelekea mlango. Alasiri alikuwa akiniita nisogee ninuse. "Bado ipo?" Namwambia ipo, sasa ni maziwa. Anasema, "Vizuri. Akija saa hizi ni vizuri." Jioni nilimwambia ndege za Bukoba zimezuiwa na mvua. Aliamini, kwa sababu kwenu mvua ni jambo la kuaminika. Editha aliniambia, "Babu, unachomfanyia huyu mzee sikipendi." Nilimwambia anyamaze, na alinyamaza kwa sababu mimi ndiye ninayemlipa.

Hukufanya kitu. Acha kutafuta sindano. Hakuna.

Alikufa hapa, si hospitali. Tulimpeleka huko tayari ameshaondoka, mimi na jirani, na Burhan nikamwambia alifia kule. Ilikuwa alasiri, ile saa yake nzuri. Nilikuwa nimetoka kumnusa na kumwambia ipo. Alikuwa kwenye kiti, amenyolewa, amegeukia mlango, na alikuwa na furaha, Shamshad, kwa sababu asubuhi ile nilimwambia ndege yako imeshatua.